Ngiri ya kuli wa Kariakoo: uchambuzi wa kisa kimoja cha upasuaji Dar es Salaam

Mwanaume wa miaka 41, kuli wa Kariakoo, mkazi wa Gongo la Mboto, alifikishwa hospitali saa nane usiku akiwa na uvimbe mgumu kwenye kinena cha kulia, tumbo limejaa, anatapika maji ya kijani. Uvimbe huo alikuwa nao kwa miaka minne. Mara mbili alishapangiwa upasuaji, na mara mbili ukaahirishwa. Kabla jua halijachomoza alifunguliwa tumbo, akakatwa kipande cha utumbo kilichokwisha kufa. Alilazwa siku 19. Amepona, ila mizigo hajarudi kubeba.

Niseme mapema kwamba mtu huyu ni wa mfano. Nimemjenga kutokana na mambo yanayowapata wagonjwa wa aina yake katika hospitali za umma za jiji hili. Hospitali siitaji, kwa sababu hakuna hata moja inayostahili kubebeshwa peke yake lawama ya jambo lililoenea kote. Takwimu na tafiti nitakazozigusa si za mfano.

Ngiri nimeichagua kwa makusudi. Ukiona habari za upasuaji kwenye televisheni, utaona moyo wa mtoto ulioshonwa, mdomo sungura, mapacha waliotenganishwa. Ngiri haina wa kuipiga picha. Na bado ni ugonjwa wa watu wengi mno: hesabu zilizofanywa Uingereza miaka ya 1990 zilikadiria kuwa mwanaume ana uwezekano wa asilimia 27 kupasuliwa ngiri ya kinena katika maisha yake, na mwanamke asilimia 3. Yaani katika kila wanaume wanne, takriban mmoja.

Miaka minne ya kuisukuma ndani

Ngiri ya kinena huanza ukuta wa tumbo unapolegea sehemu ya chini, utumbo ukapata upenyo wa kuchungulia nje. Mwanzoni haina taabu. Unasimama unatoka, unalala unarudi. Kuli wetu alijifunza kuusukuma kwa kiganja kila usiku kabla ya kulala, na asubuhi alijifunga kipande cha kanga kiunoni, akakaza, akaingia mzigoni. Kuli hana mshahara. Analipwa kwa gunia, kwa robota, kwa katoni alizoshusha kwenye lori. Siku asiyobeba ni siku asiyokula.

Wenzake walijua. Wakamwambia ni mshipa, na kwamba mshipa una dawa zake. Hapo Dar huhitaji kutafuta: nguzo za umeme zimejaa vibao vya ngiri, busha, chango na nguvu za kiume, vyote kwa namba moja ya simu. Alinunua unga akawa anaunywa na uji. Uvimbe ukabaki.

Ni rahisi kumcheka. Lakini mganga yule alikuwa na vitu vitatu ambavyo hospitali haikuwa navyo. Bei yake ilijulikana kabla ya kuanza. Alipatikana leo hii, si mwezi ujao. Na alikubali kulipwa kidogo kidogo. Ukimlaumu mgonjwa kwa kuchelewa, linganisha kwanza vitu alivyokuwa anachagua kati yake.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Thaddeus na Maine, waligawa vifo vya wajawazito katika ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mgawanyo huo sasa hutumika kwa upasuaji wote. Kwa mazoea, miaka minne ya kuli ingewekwa kwenye kapu la kwanza, la uamuzi, kisha ikaandikwa kwamba jamii ielimishwe. Sikubaliani. Aliijua hatari kwa kiasi chake, na alipiga hesabu. Baada ya kupasuliwa ngiri mtu huambiwa asinyanyue vitu vizito kwa wiki nne mpaka sita. Karani wa benki akiambiwa hivyo, amepewa mapumziko. Kuli akiambiwa hivyo, amenyimwa kodi ya chumba. Gharama hiyo haipo kwenye risiti yoyote ya hospitali, na hakuna msamaha unaoifuta. Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani, iliyotoa taarifa yake mwaka 2015, ilikadiria kwamba watu milioni 33 kila mwaka huingia kwenye gharama za kuwafilisi kwa kulipia upasuaji na ganzi. Ukiongeza nauli, chakula na malazi, wanaongezeka wengine milioni 48. Yaani yaliyo nje ya risiti hufilisi watu wengi kuliko risiti yenyewe.

Jumanne mbili

Hatimaye alikwenda. Zahanati ilimwandikia rufaa, akaonwa kliniki ya upasuaji, akaambiwa asimame akohoe, uvimbe ukajitokeza, na daktari hakuhitaji kipimo kingine. Jina likaingia kwenye daftari. Aje Jumanne, asile kitu tangu usiku.

Alifika saa kumi na mbili asubuhi. Hospitali ilikuwa na meza mbili za upasuaji. Ya kwanza ilichukuliwa tangu alfajiri na mama aliyeletwa kutoka kituo cha afya baada ya uchungu kukwama, akafuata mwingine ambaye kovu la upasuaji wa awali lilianza kuachia. Meza ya pili ilimpokea dereva wa bodaboda aliyevunjika mguu, mfupa nje. Mtaalamu wa usingizi alikuwa mmoja kwa meza zote mbili. Saa tisa alasiri muuguzi alitoka mlangoni.

"Kaka, leo haiwezekani tena. Rudi Jumanne ijayo."

"Sista, nimefunga tangu jana."

"Najua. Nenda ukale."

Hakuna aliyekosea hapo, na hilo ndilo linalofanya kisa kiwe kigumu. Mama aliyekwama uchungu hawezi kumsubiri mwenye ngiri. Mfupa ulio nje hauwezi kusubiri. Ukimweka daktari yeyote mwenye akili timamu mlangoni hapo, angepanga vilevile. Tatizo ni kwamba kwa mpangilio huo mwenye ngiri atakuwa wa mwisho kila Jumanne, mpaka siku atakapokuja akiwa dharura. Akiwa dharura atapanda hadi wa kwanza. Mfumo humpa mtu zamu pale anapokaribia kufa, na watu wamelielewa hilo kuliko tunavyodhani.

Jumanne ya pili hapakuwa na msururu wa dharura. Kulikuwa na shida ya maji. Usiku mabomba yalikauka, na mashine ya kutakasia vyombo kwa mvuke haipiki bila maji. Asubuhi muuguzi wa tieta, yaani chumba cha upasuaji, alichukua furushi la vyombo vya ngiri kutoka kwenye rafu, akaangalia mkanda uliolifunga. Mkanda huo una mistari hafifu ambayo furushi likipikwa sawasawa hugeuka myeusi. Mistari ilikuwa bado hafifu. Akalirudisha rafuni. Mafurushi mawili tu yalikuwa yameiva, na yakawekwa akiba kwa ajili ya mama yeyote atakayeletwa mchana. Upasuaji wote wa kupangwa wa siku hiyo ukafutwa na kitu ambacho hakimo kwenye somo lolote la upasuaji.

Kuli alikula chapati na maharage nje ya geti, akapanda daladala hadi Kariakoo, akawahi lori la jioni. Jumanne ya tatu hakwenda. Hakuna aliyempigia simu, kwa kuwa daftari lilikuwa na safu ya jina, umri, ugonjwa na tarehe. Safu ya walioahirishwa haikuwepo, wala ya mara ngapi.

Ramani inasema yuko karibu

Tume ile ya 2015 ilipendekeza kipimo kinachonukuliwa sana: ni watu wangapi wanaoweza kufika ndani ya muda wa saa mbili kwenye hospitali inayofanya mambo matatu, yaani kufungua tumbo, kumpasua mama kujifungua, na kutibu mfupa uliovunjika ukatokeza nje. Lengo ni angalau asilimia 80 ya watu wa kila nchi ifikapo 2030. Kwa kipimo hicho Dar es Salaam imefaulu vizuri. Jiji la watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022 lina Muhimbili na taasisi zake za mifupa na moyo, lina Mloganzila, lina Amana, Temeke na Mwananyamala, lina hospitali ya CCBRT, na lina hospitali binafsi kadha wa kadha. Nje ya foleni ya asubuhi, mtu wa Gongo la Mboto hakosi pa kufika.

Lakini saa hizo mbili huhesabiwa kutoka nyumbani hadi getini. Kutoka getini hadi mezani hakuna anayehesabu. Kuli wetu aliishi ndani ya eneo ambalo ramani imelipaka rangi nzuri, na akakaa miezi mitano akiwa na jina kwenye daftari. Tume yenyewe ilisema watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji ulio salama na wa bei wanayoimudu pale wanapouhitaji. Idadi kubwa hivyo haiwezi kuwa ya watu wa vijijini pekee. Wengine wamo humu mjini, wanaona bati la hospitali wakiwa kazini.

Haki itendeke pia: mengi yamefanyika. Mwaka 2010 Muhimbili ilifungua idara ya dharura iliyokamilika, ya kwanza katika hospitali za umma nchini. Tangu 2017 vituo vya afya kwa mamia vimejengwa au kukarabatiwa ili viweze kumpasua mama mjamzito. Mpango wa m-mama, ulioanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022, unampatia mama usafiri wa dharura kwa kupiga 115 bure. Baada ya korona zimeongezeka mashine za kuzalisha oksijeni na vyumba vya wagonjwa mahututi. Nchi ilikuwa pia na mpango wa taifa wa upasuaji, uzazi na ganzi wa 2018 hadi 2025, miongoni mwa ya mwanzo Afrika.

Ukiitazama orodha hiyo vizuri, karibu yote ni ya dharura na ya uzazi. Ilikuwa lazima ianze hivyo. Ila mtu mzima asiye mjamzito, mwenye ugonjwa usiopiga kelele, hana namba ya kupiga. Tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993, sera imewasamehe wajawazito na watoto chini ya miaka mitano, na baadaye wazee wasio na uwezo. Kuli wa miaka 41 hayumo. Bima hana. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na kwa watu wa aina yake, wasio na mwajiri wa kuwakata mshahara, swali la nani atakusanya mchango wao na lini ndilo litakaloamua kama sheria hiyo itawafikia.

Usiku wenyewe

Lori la mchele lilichelewa. Walimaliza kushusha saa tatu usiku, na alipolala chini kuusukuma uvimbe kama kawaida, haukurudi. Ulikuwa mgumu na unauma ukiguswa. Akajikongoja hadi nyumbani. Saa sita alianza kutapika. Mkewe akaamsha jirani mwenye bajaji, wakapita kwanza duka la dawa lililokuwa wazi, akachomwa sindano ya maumivu na kuambiwa huenda ni vidonda vya tumbo. Hakuna aliyemwambia avue.

Barabara ya Nyerere saa hiyo ni nyeupe. Foleni, ambayo Dar hulaumiwa kwa kila jambo, haikuhusika.

Ndani ya kinena kilichokuwa kikiendelea ni hiki. Utumbo uliobanwa kwenye tundu jembamba hupokea damu lakini hauwezi kuirudisha, kwa sababu mishipa ya kurudisha damu ni laini na huzibwa kwanza. Unavimba, na kuvimba kunazidi kuubana, mpaka damu ya kuingia nayo inakatika. Baada ya saa sita hivi tangu kubanwa, hatari ya utumbo kufa hupanda kwa kasi. Yeye alibanwa saa tatu usiku, akafika hospitali saa nane, akawekwa mezani saa kumi na moja na nusu.

Muda huo wa pili, wa kuanzia saa nane, nao una maelezo yake. Kadi. Daktari wa zamu aliyemtambua mara moja, tena kwa kumvua suruali tu. Dripu na mrija wa puani. Sampuli ya damu, na jirani wa bajaji kuombwa achangie. Mkewe kutumwa dirishani. Kisha kusubiri, kwani mezani alikuwepo mama, na mtaalamu wa usingizi wa usiku ni yule mmoja. Katika kapu la tatu la Thaddeus na Maine, hakuna tukio hata moja la aibu humo. Ni vipande vidogo vilivyopangwa kimojakimoja badala ya kwenda kwa pamoja.

Walipofungua walikuta kitanzi cha utumbo cheusi, hakichezi kikiguswa. Kikakatwa, ncha mbili zikashonwa. Upenyo wa ngiri ukafungwa kwa nyuzi pekee, kwa sababu pale penye utumbo uliooza wapasuaji wengi huogopa kuweka wavu wa kuimarisha ukuta wa tumbo: vijidudu vikiushika, utabidi utolewe.

Siku ya tano mkewe aligundua ana homa. Aligundua yeye, kwa kiganja, kabla chati haijaandika. Kidonda kilikuwa na usaha. Hapo nakumbuka utafiti mkubwa wa hospitali 247 katika nchi 25 za Afrika uliochapishwa mwaka 2018. Wagonjwa walikuwa vijana zaidi na wenye hatari ndogo kuliko wastani wa dunia, ilhali vifo baada ya upasuaji vilikuwa mara mbili ya wastani huo, na takriban asilimia 94 ya waliokufa walikufa baada ya siku ya upasuaji. Watu wanavuka kisu salama, kisha wanapotelea wodini, usiku, muuguzi mmoja akiwa na vitanda visivyolingana na mikono yake. Mtu akitaka kuwekeza kwenye upasuaji Afrika, na aulize kwanza wodini usiku kuna nani.

Hesabu ya Jumanne na hesabu ya usiku

Upasuaji wa Jumanne ungehitaji ganzi ya kuchoma palepale kinenani au sindano ya mgongo, furushi moja la vyombo, nyuzi chache, glavu, na muda usiofika saa mbili. Angerudi nyumbani jioni ileile au kesho yake. Upasuaji wa usiku ulihitaji usingizi kamili, oksijeni, furushi kubwa la tumbo, chupa mbili za damu, katheta, antibiotiki za mshipa kwa siku nyingi, kitanda kwa siku 19 na kusafishwa kidonda kila siku. Daktari ni walewale, meza ileile.

Bili ilipotoka familia haikuweza. Ofisi ya ustawi wa jamii ikaandika msamaha wa sehemu kubwa, na kilichobaki kikalipwa kwa mkopo wa kikoba cha mkewe. Msamaha maana yake hospitali imelipa. Hospitali iliyohifadhi mafurushi mawili Jumanne ile ilikuja kulipa usiku ule gharama za mafurushi mengi. Wala haikujua, kwani gharama za Jumanne zinaonekana tieta na gharama za usiku zinaishia kwenye jedwali la misamaha la mhasibu. Majedwali hayo mawili hayakutani.

Ndiyo maana sikubali mtu anaposema nchi maskini haiwezi kumudu upasuaji wa kupangwa. Tayari inaulipia, kwa bei ya dharura, na mwisho wake inapata mgonjwa aliye katika hali mbaya zaidi kuliko angepasuliwa mapema. Duniani hufanyika takriban operesheni milioni 313 kwa mwaka, na theluthi maskini ya watu wa dunia hupata kama asilimia 6 tu. Tume ilisema zinahitajika nyingine milioni 143 kila mwaka. Ukisikia tarakimu hiyo unawaza majengo mapya. Sehemu yake isiyo ndogo ni wagonjwa waliokwishaandikwa kwenye madaftari.

Wawili kwenye benchi moja

Kuna jambo ambalo watu wa nje ya hospitali hawaliamini mpaka waelezwe mara mbili. Kwenye benchi la kliniki waweke wanaume wawili wenye uvimbe karibu mahali pamoja. Mmoja ana busha, mwingine ana ngiri. Mtaani wote huitwa wana mshipa. Busha la ukanda wa pwani mara nyingi hutokana na minyoo ya matende, na matende yamo kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Kwa hiyo lina mpango wa taifa, lina wafadhili, na wenye mabusha Dar na mikoa jirani wamekuwa wakipasuliwa bure kwenye kampeni. Ngiri haitokani na mnyoo wala mbu. Haimo kwenye orodha yoyote. Mwenye busha atapata meza, vyombo na daktari aliyelipiwa posho. Mwenye ngiri, ambaye ugonjwa wake ndio unaoweza kumuua ndani ya siku moja, atarudi Jumanne.

Siwaonei kijicho wenye mabusha. Nasema fedha za wafadhili hufuata jina la ugonjwa, wakati tieta haijui majina. Inajua maji, mvuke, oksijeni, nyuzi na mtaalamu wa usingizi. Kampeni ikija huvitumia vyote hivyo na kuondoka. Ni hivyohivyo kwa kambi za madaktari bingwa na kwa meli. Meli ya hospitali ya China, Peace Ark, ilipotia nanga Dar mwaka 2017, watu walijipanga kwa wingi, na waliohudumiwa walihudumiwa kweli. Ila kilichobaki bandarini baada ya meli kung'oa nanga hakikubadilisha Jumanne ya mtu yeyote.

Mashine za msaada nazo tunazijua. Utafiti wa mwaka 2011 uliokusanya taarifa za vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye uwezo mdogo ulikuta takriban asilimia 38 havifanyi kazi. Ukiingia nyuma ya hospitali yoyote kongwe utaviona vimefunikwa turubai, na plagi za nchi nyingine.

Chandarua, na mikono ya kukishona

Sasa sehemu inayonipa moyo. Ngiri ikishonwa kwa nyuzi tu hurudi mara nyingi zaidi kuliko ikiwekewa wavu. Wavu wa kiwandani ni ghali, hivyo hospitali nyingi za umma hushona tu. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio la mashariki mwa Uganda, kwa wanaume 302 waliogawanywa kwa bahati nasibu: nusu wavu wa kiwandani wa zaidi ya dola 100, nusu kitambaa cha chandarua kilichokatwa na kutakaswa, cha takriban dola 1. Baada ya mwaka mmoja ngiri iliyorudi ilikuwa chini ya asilimia 1 kwa wenye chandarua, na sifuri kwa wengine, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Si chandarua cha kitandani, tafadhali, wala si kazi ya kufanyia majaribio nyumbani. Ni kitambaa cha aina maalumu kilichotakaswa kwa joto lililopimwa. Lakini mtu anayesema teknolojia ya ngiri ni ghali mno kwetu, huyo amechelewa.

Na mikono? Mwaka 2021 jaribio la Sierra Leone lilionyesha kwamba matabibu wasio na shahada ya udaktari, waliofundishwa operesheni hiyo kwa wavu, matokeo yao hayakuwa duni kuliko ya madaktari. Sisi tulikuwa na hazina hiyo mapema kuliko wengi. Tanzania ilianza kuwafundisha madaktari wasaidizi mwaka 1963, na kwa miongo mingi wao ndio waliowapasua akina mama wa wilayani. Madaktari wa upasuaji wapya nao wanaongezeka kupitia Muhimbili na kupitia COSECSA, chuo cha wapasuaji wa mashariki, kati na kusini mwa Afrika kilichoanzishwa 1999, ambacho hufundisha watu hospitalini mwao badala ya kuwahamisha. Pengo baya zaidi liko upande wa usingizi. Ndio maana niliitaja ganzi ya kuchoma kinenani: ngiri ya kawaida haihitaji kumsubiri yule mtaalamu mmoja.

Ningeanzia wapi

Ningeanza na meza. Meza moja, siku moja kwa wiki, isiyogusika kwa dharura, katika chumba kidogo kinachotosha ganzi ya kuchoma. Mafurushi yake yapikwe siku mbili kabla, si usiku wa kuamkia. Tangi la maji la mashine ya mvuke liwe peke yake, lisichangiwe na wodi.

Najua pingamizi. Mkuu wa idara ya uzazi atauliza: meza imekaa wazi kwa dakika 40 kati ya mgonjwa na mgonjwa, mama anavuja damu mlango wa pili, nimwambie nini? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba mama huyo hazuiliwi na chumba cha ngiri. Anazuiliwa na mtaalamu wa usingizi na damu, na chumba cha ngiri hakivitumii. Hospitali ikiwa na chumba kimoja tu, pendekezo langu halisimami, na hapo ngiri zipelekwe kituo cha afya chenye tieta ambayo siku nyingi inafanya upasuaji mmoja au haifanyi kabisa. Dar ina vituo vya namna hiyo. Mgonjwa anakwenda juu kwa rufaa siku zote. Daktari anaweza kushuka chini mara moja kwa wiki, na mafuta ya gari ni nafuu kuliko siku 19 za kitanda.

Kisha daftari lipate safu mbili: ameahirishwa mara ngapi, na kwa nini. Atakayeahirishwa mara ya pili awe wa kwanza Jumanne inayofuata, apigiwe simu siku moja kabla. Mhasibu apewe orodha ya dharura za mwezi, aweke alama kwa kila mmoja aliyekuwa tayari kwenye daftari. Mwezi mmoja wa alama hizo ungemshawishi mganga mfawidhi kuliko makala hii. Jambo dogo la kupangana linaweza kuwa na nguvu kubwa, na ushahidi tunao nyumbani: hospitali ya Ifakara ilikuwa moja ya nane duniani zilizojaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani ya kuulizana kabla ya kukata, na katika hospitali hizo vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi moja tu.

Kuhusu kodi ya chumba ya wiki sita sina jibu zuri. Vyama vya makuli vilivyopo sokoni huchangiana misiba, na vingeweza kuchangiana mapumziko, lakini mchango wa maskini kwa maskini una kikomo chake. Bima ikija bila fidia ya siku za kazi, watu wa mizigo wataendelea kujifunga kanga.

Kuli wetu sasa anauza maji na soksi karibu na kituo cha mwendokasi, kazi isiyohitaji mgongo. Deni la kikoba limebaki kidogo. Kwa kuwa upenyo ulifungwa kwa nyuzi, na ndani ya kidonda kilichooza, uwezekano wa ngiri kurudi si mdogo, na daktari alimwambia hivyo. Mwezi uliopita aliona kauvimbe kadogo akikohoa. Amekwenda kliniki mapema safari hii, ameandikwa, na tarehe aliyopewa bado haijafika.